Tatizo si jenali, tatizo ni fsync uliyoizima

Kuna orodha moja ya ushauri ambayo haitaki kufa. Kila mwaka inazaliwa upya mahali fulani kwenye mtandao, na kila mwaka kuna kijana wa Bungoma ama Kitale anayeinakili neno kwa neno. Inasema hivi: seva yako ya Linux ni nzito? Unapounganisha diski, tumia data=writeback. Ongeza barrier=0. Kwenye PostgreSQL andika fsync=off. Kwenye MySQL andika innodb_flush_log_at_trx_commit=0. Washa upya, kisha ufurahie mbio.

Na mbio zinakuja kweli! Hilo silibishi. Kazi iliyokuwa ikichukua dakika inachukua sekunde, mteja anatabasamu, kijana analipwa.

Ninachobishia ni hiki. Katika mipangilio hiyo minne, mmoja karibu hauna madhara kwa hifadhidata iliyotengenezwa vizuri. Mmoja unakupotezea sekunde ya mwisho ya kazi. Miwili iliyobaki inaweza kuivunja hifadhidata nzima isifunguke tena. Sisi tumezoea kubishana kuhusu ule usio na madhara, jenali hii ama jenali ile, huku ile miwili ya hatari ikipita bila mtu kuuliza. Na msimamo wangu, niuseme mapema ili usinisome hadi chini ukiutafuta: hakuna mtaalamu mwenye haki ya kuzima fsync kwenye mashine inayotunza pesa, kilo ama matibabu ya watu wengine, mpaka wenye mali waelezwe kwa lugha wanayoielewa na wakubali.

Stima yetu ni hii hii

Wengi wanaoandika orodha zile seva zao zimelala kwenye majumba yenye jenereta zaidi ya moja, chumba kizima cha betri na mlinzi mlangoni. Sisi tuna stima ya kawaida ya mjini. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili alipanda paa la kituo cha kuzalisha umeme cha Gitaru, akaangukia transfoma, na nchi nzima ikakaa gizani kwa zaidi ya saa tatu. Tumbili mmoja! Tarehe 11 Januari 2022 giza likarudi baada ya minara ya laini ya Kiambere kwenda Embakasi kuanguka. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea tena karibu nchi nzima, na hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukakosa mwanga kwa sababu jenereta iliyotegemewa na sehemu ya uwanja ilikataa kuwaka. Kama jenereta ya uwanja wa ndege mkubwa kuliko yote nchini inaweza kukataa, hiyo yako ya nyuma ya duka la Kanduyi ni nani?

Hayo ni yale makubwa yaliyotangazwa kwenye habari. Huku kwetu hatuhitaji tumbili. Mvua ya alasiri ikishuka kutoka Mlima Elgon na radi zake, stima inapepesa mara mbili, mara tatu, kisha kimya. Na kupepesa ni kubaya kuliko kupotea moja kwa moja, kwa maana mashine inazimika, inawaka, inaanza kujirekebisha, halafu inazimwa tena katikati ya kujirekebisha.

Kwa hiyo swali la nini hutokea stima ikikatika si swali la kinadharia. Ni swali la Jumanne.

Neno lako linapita wapi

Programu yako ikisema imeandika kwenye faili, mara nyingi haijaandika chochote kwenye diski. Imempa Linux barua. Linux imeiweka barua hiyo kwenye RAM na kusema sawa, nitaipeleka. Kwa mipangilio ya kawaida barua inaweza kukaa hapo sekunde 30 hivi kabla ya kuonekana imechelewa. Baadaye inatumwa kwenye diski. Diski nayo ina kumbukumbu yake ndogo ya muda, yaani kashe, na inaweza kuipokea barua pale na kusema tayari kabla haijaandika popote pa kudumu.

Kwa hiyo kuna vituo viwili ambapo neno "tayari" linaweza kuwa si kweli: RAM ya mashine na kashe ya diski. Stima ikikatika, vyote viwili vinasahau.

fsync ni amri inayosema: usiniambie tayari mpaka barua ifike kaburini kwake. Na ile barrier ya ext3 na ext4 inahusu kituo cha pili: inahakikisha diski imemwaga kashe yake kwa mpangilio unaotakiwa. Ukizima fsync umeacha mlango wa kwanza wazi. Ukiweka barrier=0 umeacha wa pili.

Jenali inalinda nini hasa

Hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa, tena watu wazuri tu. Wanasema: lakini ext4 ina jenali, kwa hiyo data yangu iko salama.

Tukumbuke jenali ililetwa kutatua nini. Enzi za ext2, stima ikikatika, mashine ilipowaka ilibidi fsck ikague diski nzima, na kwa diski kubwa ungeweza kwenda kunywa chai, ukarudi, ukaikuta bado. Stephen Tweedie akatengeneza ext3, ikaingia kwenye Linux 2.4.15 mnamo Novemba 2001. Wazo lake ni lile la mwenye duka anayeandika kwenye daftari kabla ya kugusa rafu: ninahamisha mfuko huu kutoka hapa kwenda pale. Akikatizwa katikati, anarudi kusoma daftari na kumalizia. Haihitaji kuhesabu duka lote.

Lakini daftari hilo, kwa kawaida, linaandika habari za rafu tu: faili gani iko wapi, ina ukubwa gani, jina lake nani. Haliandiki kilichomo ndani ya mfuko. Njia tatu za ext3 na ext4 zinatofautiana hapo. data=journal inaandika kila kitu kwenye daftari kwanza, rafu na unga wenyewe, kwa hiyo kila kitu kinaandikwa mara mbili. data=ordered, ambayo ndiyo ya kawaida kwenye ext4, inahakikisha unga umefika kabla daftari halijasema mfuko uko pale. data=writeback haijali nani anatangulia, kwa hiyo baada ya ajali unaweza kufungua faili iliyoandikwa karibuni ukakuta ndani takataka za zamani.

Hakuna hata moja kati ya hizo inayojua muamala ni nini. Jenali haijui kwamba kumtoa Wafula shilingi 500 na kumwongezea Nekesa shilingi 500 ni jambo moja. Inalinda mfumo wa faili usivunjike. Kulinda hesabu zako si kazi yake, na haijawahi kuahidi.

Somo hili liliwafikia watu wengi mapema 2009, ext4 ilipoanza kuingia kwenye kompyuta za kawaida. Watu walikuwa wakizima mashine vibaya, wakiwasha wanakuta faili zao za mipangilio zina ukubwa wa sifuri. Kelele zikawa nyingi. Theodore Ts'o, mmoja wa watunzaji wa ext4, akaeleza kwamba programu hizo hazikuwa zikiita fsync. Chini ya ext3 zilikuwa zikibahatika tu, kwa sababu ext3 ilikuwa ikipeleka data kila sekunde 5 hivi, ilhali ext4 inachelewesha kuchagua mahali pa kuiweka. Kisha yeye mwenyewe akaongeza tahadhari ndani ya ext4 kwa yale makosa yaliyozoeleka zaidi. Nadhani pande zote mbili zilikuwa na hoja. Lakini funzo lilibaki: aliyetaka uhakika alitakiwa kuuomba.

Hifadhidata ina daftari lake

Hifadhidata nzuri haitegemei daftari la mfumo wa faili, ina la kwake. PostgreSQL inaandika kila badiliko kwenye kumbukumbu ya WAL kwanza, tangu toleo la 7.1 la mwaka 2001. MySQL inafanya hivyo kupitia InnoDB. SQLite, ambayo iko kwenye simu yako na kwenye programu nyingi za maduka, ina njia yake ya WAL tangu toleo la 3.7.0 la mwaka 2010.

Utaratibu ni ule ule: andika kwenye WAL, ita fsync, kisha mwambie mteja muamala umekamilika. Rafu zenyewe zitapangwa baadaye, bila haraka. Stima ikikatika, hifadhidata inasoma WAL na kurudia.

Wametazama mbali kuliko hapo. Ukurasa wa PostgreSQL ni kilobaiti 8, wa InnoDB kwa kawaida ni 16, lakini mfumo na diski huandika kwa vipande vidogo, mara nyingi vya kilobaiti 4. Stima ikikatika katikati, ukurasa unabaki nusu mpya nusu mzee. Ndiyo maana PostgreSQL ina full_page_writes na InnoDB ina eneo la kuandika mara mbili. Kwa mipangilio ya kawaida vyote vimewashwa. Viache hivyo.

Sasa rudi kwenye ile orodha. Kwa sababu hifadhidata ina daftari lake na inaita fsync yenyewe, data=writeback haiivunji. Hata nyaraka za PostgreSQL zinakubali kwamba usalama wa faili zake hautegemei jenali, na zinaitaja njia hiyo kama ya kupunguza mzigo. Binafsi naacha data=ordered, kwa sababu kwenye diski hiyo hiyo kuna picha, ripoti na faili nyingine zisizo na WAL. Lakini ukiweka writeback kwa ajili ya PostgreSQL peke yake sitakugombeza.

fsync=off ni kitu kingine kabisa. Umeiambia hifadhidata: endelea kuandika daftari, ila usihakikishe limefika. Basi rafu zinaweza kufika kabla ya daftari, daftari likafika nusu, na baada ya giza hakuna wa kumwamini mwenzake. Hupotezi sekunde moja tu ya kazi, unaweza kupoteza hifadhidata nzima. barrier=0 juu ya diski yenye kashe isiyo na ulinzi wa betri inaleta matokeo yale yale kwa mlango wa nyuma.

Na MySQL ya 0? Hiyo humwaga kumbukumbu yake karibu mara moja kwa sekunde. Haivunji hifadhidata, lakini miamala ya sekunde ile ya mwisho inaweza kutoweka baada ya kuwa umeshamwambia mtu kwamba imekubalika.

Sekunde moja ya nani?

Watu husema: sekunde moja ni nini? Inategemea imeangukia nani.

Ofisi moja ya kupokea maziwa katika kaunti hii, jina silitaji, iliwekewa mfumo na mtu aliyekuwa amezima fsync ili mashine ya zamani iende haraka. Stima ikapotea katikati ya mapokezi ya asubuhi. Iliporudi, hifadhidata haikufunguka. Wakarudisha nakala ya jioni iliyotangulia, na asubuhi nzima ikawa haikuwahi kutokea. Kilichowaokoa ni vijikaratasi. Wakulima waliitwa wavirudishe, karani akaviingiza kimoja kimoja siku mbili. Mama mmoja aliweka chake mezani akasema, "Mwanangu, karatasi yangu inakumbuka. Ni mashine yenu imesahau."

Kwa nini karatasi ilikumbuka? Kwa sababu karani hakumpa mkulima nakala kabla ya kuandika. Kuandika na kutoa risiti vilikuwa kitendo kimoja, na kaboni katikati. fsync ndiyo kaboni hiyo. Ukiizima unatoa risiti ya kitu ambacho hakijaandikwa popote.

Wenzetu wa afya huku magharibi ya Kenya walilijua hili mapema. Mfumo wa rekodi za wagonjwa wa Mosoriot, karibu na Eldoret, ulianza kazi mwaka 2001 ukiwa na kompyuta mbili tu, lakini tayari una vyanzo vya akiba vya stima. Kazi iliyofuata ya AMPATH Eldoret ilichangia kuzaliwa kwa OpenMRS, ambayo sasa inatumika katika nchi nyingi na husimama juu ya MySQL. Waliofikiria stima kwanza na mbio baadaye hawakuwa washamba. Walijua rekodi ya dozi ya mgonjwa haina nakala ya kaboni.

Diski inayodanganya

Tuseme hukuzima chochote. Je, uko salama? Mara nyingi, lakini si lazima, maana kuna diski na vidhibiti vinavyosema tayari kabla ya wakati. Januari 2005 tovuti ya LiveJournal ilizimika baada ya stima kukatika kwenye jumba la seva huko Seattle, Marekani, na kurudisha hifadhidata ikawa kazi kubwa. Mwanzilishi wake, Brad Fitzpatrick, akaandika programu ndogo iitwayo diskchecker.pl, inayokuruhusu kuchomoa waya makusudi na kuona diski iliahidi nini na ilitimiza nini. Ona, hao walikuwa na jumba lenye kila kitu!

Kuna kipimo rahisi zaidi kwa diski ya kuzunguka. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika inazunguka mara 120 kwa sekunde. Programu moja inayoandika mahali pale pale na kuita fsync haiwezi kupita mara 120 hivi kwa sekunde. PostgreSQL inakuja na pg_test_fsync, iendeshe. Ukiona maelfu kwenye diski ya namna hiyo, na hakuna kidhibiti chenye betri, kuna anayedanganya. Kwa SSD hesabu hiyo haifai. Huko tafuta zenye kapasita za kumalizia kuandika stima ikikatika, ama ujaribu kwa kuchomoa waya kabla ya kuikabidhi kwa mteja.

Hata wakubwa wamejifunza kwa uchungu. Mwaka 2018 watengenezaji wa PostgreSQL waligundua kwamba kwenye Linux, fsync ikishindwa mara moja, ukiita tena inaweza kukuambia sawa ingawa data ilishatupwa. Tangu matoleo ya Februari 2019, PostgreSQL ikipata kosa hilo inajizima kwa makusudi na kuanza upya kutoka WAL. Iliona heri kuanguka kuliko kusema uongo. Nimeipenda tabia hiyo.

Mbio bila uongo

Sasa utaniuliza, basi tubaki wazito? La. Kuna mbio za halali.

Kwanza, unganisha kazi. Ukiingiza safu 10,000 kila moja na muamala wake, kwa diski ya fsync 120 kwa sekunde utasubiri zaidi ya sekunde 80. Ziweke zote ndani ya muamala mmoja, fsync ni moja. Mifumo mingi niliyoitiwa kwa sababu ya uzito ilikuwa na ugonjwa huu, wala si fsync.

Pili, legeza pale panaporuhusu. PostgreSQL ina synchronous_commit=off tangu 8.3 ya mwaka 2008. Kwa mipangilio ya kawaida unaweza kupoteza miamala ya sehemu ya sekunde, lakini hifadhidata haivunjiki, na unaweza kuichagua kwa muamala mmoja mmoja. Hesabu ya waliotembelea tovuti? Legeza. Kipimo cha joto la ghala kila dakika? Legeza. Malipo? Hapana.

Tatu, nunua UPS, na uiunganishe kwa waya wa data ili mashine ijizime vizuri betri ikikaribia kuisha. Lakini UPS si sababu ya kuzima fsync. Betri huzeeka kimya kimya, mtu huchomeka birika la chai humo humo, na Linux yenyewe inaweza kuanguka stima ikiwepo.

Nne, nakala ya akiba nje ya jengo, tena iliyojaribiwa kurudishwa.

Na mwisho, kwa wenzangu wa kuandika programu: SMS ama risiti itoke baada ya COMMIT kurudi salama, kamwe si kabla.

Fanya hivi leo kabla ya mvua. Kwenye PostgreSQL andika SHOW fsync; kwenye MySQL andika SHOW VARIABLES LIKE 'innodb_flush%'; kisha soma /proc/mounts utafute barrier=0 ama nobarrier. Ukikuta kimojawapo kimezimwa kwenye mashine yenye mali ya watu, kiwashe. Ukiambiwa mfumo umekuwa mzito, mwite mwenye mali, umwonyeshe risiti mbili, moja ya haraka na moja ya kweli, umwache achague. Sijaona aliyechagua ya haraka.